Ala imetoka nje ya tyuni, noti hazikatiki: kutatua matatizo ya kontrola na mpindo wa pichi katika MIDI

Ukisikia kinanda kimetoka nje ya tyuni katikati ya wimbo, au fidla inapinda mahali ambapo hukuigusa, usikimbilie kufuta traki na kurekodi upya. Mara nyingi kosa limo kwenye data, linaonekana kwa macho, na linarekebishika bila kugusa noti hata moja. Lakini kwanza uielewe tabia moja ya MIDI, yaani lugha ya jumbe ambazo kompyuta na ala hutumiana, kwa sababu ndiyo inayozaa sehemu kubwa ya matatizo yaliyomo humu.

Noti ina mwanzo na mwisho. Kontrola, yaani ujumbe unaobadilisha hali ya ala kama volyumu au pani, haina. Unapobonyeza ufunguo, ala inapokea ujumbe wa kuanza. Ukiachia, inapokea ujumbe wa kuacha, na habari imekwisha. Ukisukuma gurudumu la pichi au kitelezi cha volyumu, unaiacha ala katika hali fulani, nayo itabaki hivyo hadi ujumbe mwingine uje kuibadilisha. Ni kama bomba la maji: ndoo ikijaa, halijifungi lenyewe. Programu ya kurekodi inakuchorea mpindo (kupanda au kushuka kwa pichi) chini ya noti kana kwamba ni mali ya noti hiyo, lakini katika MIDI ya kawaida hakuna kinachoviunganisha. Mpindo ni wa chaneli nzima, yaani njia nzima inayobeba jumbe za ala hiyo, na chaneli haijui wewe uliikusudia noti ipi.

Kabla ya kuhariri: kosa liko kwenye data au kwenye ala?

Simamisha wimbo pale pale unapoharibika, fungua traki mpya tupu, iunganishe na ala ileile kwenye chaneli ileile, kisha piga noti moja kwa mkono bila kugusa gurudumu. Ikitoka mbovu, ala imeshikilia thamani fulani. Sasa pakia upya plagini (ala iliyo ndani ya kompyuta), au zima na uwashe kinanda, na upige noti ileile kabla ya kucheza wimbo. Ikiwa safi, kosa lilitoka kwenye traki. Ikiwa bado mbovu, achana na traki na uangalie ala yenyewe: tyuni kuu, transpozi, au preseti iliyohifadhiwa na mtu mwingine.

Kosa likiwa kwenye traki, fungua orodha ya matukio. Cubase inaiita List Editor, Logic Pro inaiita Event List, na REAPER ina mwonekano wa orodha ndani ya kihariri chake cha MIDI. Mchoro wa ukanda wa kontrola unapendeza, lakini unaficha mambo: matukio mawili yaliyokaa kwenye tiki moja (kipimo kidogo cha muda wa wimbo) yanaonekana kama moja, na kontrola ambayo hukuifungulia ukanda haionekani kabisa. Orodha haifichi.

Jambo moja la kusoma namba: programu nyingine huonyesha mpindo kuanzia 0 hadi 16383, katikati ikiwa 8192, nyingine huonyesha kuanzia -8192 hadi 8191, katikati ikiwa 0. Ni kitu kilekile. Ukikutana na orodha inayoonyesha baiti mbili ghafi, ya kwanza ni ile ndogo na ya pili ni ile kubwa, na katikati inaandikwa 0 na 64.

Dalili: kila noti baada ya solo iko juu au chini kidogo

Hii ndiyo dalili ninayoiona kuwa ya kawaida kuliko zote. Sehemu ya kwanza ni safi, unafika kwenye solo yenye mipindo, na kuanzia hapo ala hiyo hairudi kwenye tyuni. Sababu ni kwamba mpindo haukurudi katikati.

Mpigaji hana hatia hapa, kwa kawaida. Magurudumu mengi ya pichi yana springi inayoyarudisha. Mwenye hatia ni mkasi. Umekata klipu kwenye mwanzo wa bari wakati gurudumu lilikuwa njiani kurudi, na thamani za mwisho zimebaki upande uliofutwa. Au umefuta noti ya mwisho ya solo pamoja na kila kilichokuwa chini yake. Au umechora mstari kwa mkono ukaishia karibu na katikati badala ya katikati penyewe.

Karibu kiasi gani kunaleta madhara? Inategemea upana wa mpindo. Kama ala imepangwa kupinda semitoni 2 kila upande, hatua 41 hivi ni senti moja, yaani sehemu moja ya mia ya semitoni, na hakuna sikio litakalolalamika. Ala iliyopangwa semitoni 12, hatua hizohizo 41 ni senti 6. Ukiiweka sambamba na ala nyingine inayoshikilia noti ileile, utasikia mawimbi yakigongana.

Dawa ni tukio moja la mpindo lenye thamani ya katikati. Swali ni uliweke wapi, na hapa watu wengi wanaharibu. Usiliweke juu ya mwisho wa noti. Sauti nyingi zina mkia unaoendelea baada ya ufunguo kuachiwa, na ukirudisha mpindo wakati huo, mkia unaruka na kila mtu anausikia. Liweke mbele kidogo ya noti inayofuata, tiki 5 hadi 10 kabla yake. Kama noti mbili zimebanana kiasi kwamba hakuna nafasi, chagua noti mpya iwe safi na uache mkia wa zamani uteleze. Mwanzo wa noti ndio sikio linaoushika.

Dalili: wimbo ni sawa ukianzia mwanzo, unaharibika ukianzia katikati

Bari la 1 lina mpangilio wa volyumu, pani na mpindo. Wewe umeweka kielekezi bari la 40 na kubonyeza cheza. Ala haijapokea chochote kati ya yale yaliyotangulia, isipokuwa programu irudi nyuma kuyatafuta na kuyatuma kabla ya kuanza. Kazi hiyo inaitwa Chase kwenye programu nyingi, na ina vichaguzi: inaweza kufuatilia noti na pedali lakini ikaacha mpindo. Nenda kwenye mipangilio uhakikishe mpindo, kontrola na mabadiliko ya programu ya sauti (sauti iliyochaguliwa kwenye ala) vyote vimewekewa alama.

Lupu ina tatizo la jamii hiyo. Ukizungusha bari la 8 hadi la 12 na mpindo uko juu mwishoni mwa la 12, mzunguko wa pili unaanza na mpindo huo. Tuseme bari la 8 lilikuwa safi kwa sababu tu hapakuwa na kitu kabla yake. Sasa si safi tena. Weka thamani ya katikati mwanzoni mwa kila klipu utakayoizungusha au kuinakili. Huchukua sekunde chache na huokoa saa nzima ya kutafuta.

Kwa wimbo mzima, nashauri bari moja tupu mwanzoni lenye mpangilio wa kila chaneli, kwa utaratibu huu: benki ya sauti (CC 0 na CC 32; CC ni kontrola, na namba yake ndiyo inayoitambulisha), kisha programu ya sauti, kisha upana wa mpindo, kisha volyumu (CC 7), pani (CC 10), ekspresheni (CC 11), na mwisho mpindo katikati. Viachanishe kwa tiki kadhaa. Vinanda vya zamani vinahitaji muda kupakia sauti baada ya kubadilishiwa programu, na vikirushiwa kila kitu kwenye tiki moja baadhi ya jumbe hupotea au hufutwa na sauti mpya inapoingia.

Dalili: mpindo unakwenda mbali mno, au hauendi kokote

Namba ya mpindo peke yake haina maana ya kimuziki. 12288 ni nusu ya njia ya kwenda juu, basi. Nusu ya nini? Nusu ya upana uliowekwa kwenye ala inayopokea. Ala iliyopangwa semitoni 2 itapanda semitoni 1. Iliyopangwa 12 itapanda 6. Kinanda cha General MIDI huanza na 2. Plagini hufuata mawazo ya aliyeitengeneza: 2, 7, 12, 24, 48, zote zipo.

Hesabu ni nyepesi. Chukua semitoni unazotaka, zigawe kwa upana, zidisha kwa 8192. Kwa upana wa 2, semitoni moja ni 4096. Kwa 12 ni 683. Kwa 24 ni 341. Kwa 48 ni 171. Ukikuta solo yako inaruka oktava badala ya kupanda toni moja, gawanya semitoni ulizosikia kwa semitoni ulizotaka, zidisha kwa upana uliotumia kuandika, na utajua ala imewekwa wapi.

Kuipanga ala kutoka kwenye traki, tuma kontrola hizi kwa mpangilio huu:

CC 101 = 0
CC 100 = 0
CC 6 = 2 (idadi ya semitoni)
CC 38 = 0 (senti za ziada)
CC 101 = 127
CC 100 = 127

Mbili za kwanza zinafungua kipengele cha upana wa mpindo, za katikati zinaandika thamani, na mbili za mwisho zinakifunga. Usiache kukifunga. Kikibaki wazi, CC 6 yoyote itakayotumwa baadaye kwa kazi nyingine, labda na kitelezi kwenye kinanda chako, itabadilisha upana wa mpindo katikati ya wimbo, na hilo ni kosa gumu kulikamata kwa sababu ukanda wa mpindo wenyewe hauna tatizo lolote. Vilevile hakikisha kila mstari uko kwenye tiki yake. Vikiwa pamoja, programu inaweza kuvituma kwa mpangilio mwingine, na kazi yote inakuwa bure.

Plagini nyingi hazisikilizi ujumbe huu kabisa. Kwa hizo hakuna ujanja: fungua dirisha la plagini, tafuta mpangilio wa mpindo, uweke kwa mkono. Angalia kama kuna namba mbili, moja ya juu na moja ya chini, maana baadhi zinakuja zikiwa zimetofautiana.

Kama unaiga gitaa, kumbuka kidole kwenye waya kinapandisha sauti tu. Ukitaka noti ishuke, mpigaji huanza akiwa ameshavuta waya kisha anauachia. Mpindo uanze juu kabla ya noti, kisha urudi katikati. Ukichora ushuke chini ya katikati, masikio ya mtu aliyekulia na muziki wa dansi yatajua papo hapo kwamba hilo si gitaa.

Dalili: umepinda noti moja, kodi nzima imepinda

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo anapokwama yeyote anayetengeneza taarab kwenye kompyuta.

MIDI ilitangazwa mwaka 1983, na noti zake zilipewa namba 0 hadi 127 kwa kufuata funguo za kinanda cha piano. Noti ya 64 ni E. Noti ya 63 ni E flati. Kati ya 63 na 64 hakuna namba. Sasa maqam (mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu) ya Rast ikianzia C inataka E iliyo katikati ya hizo mbili, na B vilevile. Bayati ikianzia D inataka E hiyohiyo. Kanuni, ile ala ya nyuzi, inaipiga bila shida na fidla inaipata kwa kidole. Kwenye piano roli, ukurasa wa noti wa programu, haipo, na njia ya kuifikia ni mpindo.

Kwa upana wa semitoni 2, robo toni, yaani nusu ya semitoni, ni hatua 2048. Basi E ya Rast ni noti 64 pamoja na mpindo wa 6144, au -2048 kama programu yako inaweka katikati kuwa 0. Kwa upana wa 12, robo toni ni hatua 341. Kwa 48 ni 85.

Tazama sasa kinachotokea upana ukikosewa. Traki iliyoandikwa kwa upana wa 2, ukiifungua kwenye ala yenye 12, ile -2048 inakuwa semitoni 3 chini: E yako inasikika C shapu. Kwenye ala yenye 48 inashuka oktava nzima. Kinyume chake ni kibaya zaidi, kwa sababu kinajificha: traki ya upana wa 12 kwenye ala ya 2, ile -341 inakuwa senti 8 tu. Hakuna kilichoharibika waziwazi. Maqam imeondoka kimyakimya, na msikilizaji wa Unguja anasikia tu kwamba wimbo huu hauna ladha. Ukisikia hivyo, pima upana kabla ya kumlaumu mpigaji.

Lakini sauti moja ndiyo kazi rahisi. Ukishikilia C na G huku E ikipita juu yake kwenye chaneli ileile, mpindo wa E unazivuta na C na G. Hili si hitilafu ya programu yako. Ujumbe wa mpindo hauna namba ya noti ndani yake. Njia za kutoka ni hizi.

Iliyo imara na inayofanya kazi popote ni kugawa chaneli. Sauti za msingi chaneli ya 1, noti za robo toni chaneli ya 2, zote zikiwa na sauti ileile, volyumu ileile na pani ileile. Chaneli ya 2 unaiweka -2048 mara moja mwanzoni na hauigusi tena. Hakuna kurudi katikati, hakuna mikia inayoruka, hakuna mpindo wa kusahau. Kwa Rast na Bayati napendekeza hii kuliko zote, hata kama piano roli inakuwa na traki mbili badala ya moja. Magitaa ya MIDI yalitumia wazo hilohilo tangu zamani: kila waya na chaneli yake, ili ukivuta waya mmoja mitano mingine itulie.

Ya pili ni MPE, utaratibu uliopitishwa rasmi mwaka 2018, ambao unaipa kila noti inayolia chaneli yake ya muda. Ableton Live inaikubali tangu toleo la 11, na programu kadhaa nyingine pia. Hapa ndipo kila noti inapata mpindo wake kweli. Ila ala yenyewe lazima iwe ya MPE, na upana wa kawaida wa chaneli za noti ni semitoni 48. Plagini isiyojua MPE ikipokea data hiyo, ama itarudi kwenye fujo ya mpindo mmoja kwa kodi nzima, ama itapuuza chaneli zote isipokuwa ya kwanza.

Ya tatu ni kuitune ala yenyewe. Plagini kadhaa zinapokea faili la tyuni la mtindo wa Scala, na vinanda vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki wa Kiarabu vina vitufe vya kushusha noti kwa robo toni. Ni raha kupiga hivyo. Tatizo linakuja baada ya kurekodi: vitufe hivyo mara nyingi hutuma ujumbe maalumu wa mtengenezaji, au havitumi chochote, na kilichobaki kwenye traki ni noti 64 ya kawaida. Kwenye kinanda ulisikia Rast, kwenye plagini unasikia meja. Kama ndivyo, hamisha zile E na B kwenda chaneli ya pili kama nilivyoeleza, na maqam itarudi.

Angalia pia traki mbili zinazoelekezwa kwenye ala moja na chaneli moja. Hapo mpindo wa traki ya solo unapinda na traki ya bezi, na utaitazama ya bezi siku nzima bila kuona tukio hata moja.

Dalili: noti inateleza au inakwaruza mwanzoni

Mpindo umefika baada ya noti. Ala imeanza kulia kwenye pichi ya zamani, kisha ikavutwa. Ikiwa vyote viko kwenye tiki moja, orodha ndiyo inayoamua nani atangulie, na huwezi kuitegemea. Sogeza mpindo nyuma tiki 2 hadi 5. Kwa mwendo wa 120 na tiki 480 kwa robo noti, tiki moja ni kama milisekunde 1, kwa hiyo hakuna atakayesikia mabadiliko mengine.

Kosa hili hupenda kuzaliwa baada ya kukuantaizi. Noti zimesogezwa kwenye gridi, mipindo imebaki ilipokuwa. Programu nyingine zina chaguo la kusogeza kontrola pamoja na noti. Liwashe kabla, si baada. Ukiwa umeshachelewa, chagua mipindo yote ya sehemu hiyo na uirudishe nyuma kwa pamoja. Na unapochora mipindo ya kuanzia noti, zima kunasa kwenye gridi, la sivyo kila kitu kitarudi juu ya noti.

Dalili: mpindo unapanda kwa ngazi, au ala zote zinachelewa

Haya ni magonjwa mawili yaliyo kinyume, na dawa ya moja huleta la pili.

Ngazi zinatokana na matukio machache mno. Mpindo una hatua 16384, lakini baadhi ya magurudumu ya bei nafuu hutuma baiti kubwa tu, yaani hatua 128. Kwa upana wa semitoni 2 kila hatua ni senti 3 hivi, na unaweza kuvumilia. Kwa upana wa 48 kila hatua ni senti 75, na hakuna wa kuvumilia. Punguza upana kwenye ala, au futa mpindo uliorekodiwa uchore upya kwa penseli, kwa sababu penseli ya programu haina kikomo cha gurudumu lako. REAPER inakuwezesha kuweka nukta mbili na kuamuru mstari kati yake uwe mnyoofu au wa mviringo, nayo inajaza katikati yenyewe.

Kuchelewa kunatokana na matukio mengi mno, na huonekana kwa vyombo vya nje vilivyounganishwa kwa kebo ya MIDI ya pini 5. Kebo hiyo hupitisha biti 31,250 kwa sekunde. Kila baiti huchukua biti 10, ujumbe wa mpindo una baiti 3, kwa hiyo ni takriban milisekunde 1 kwa ujumbe mmoja. Chora mipindo minene kwenye chaneli nne kwa wakati mmoja na ngoma zitaanza kujikwaa, maana noti zinasubiri foleni. Tumia amri ya kupunguza matukio. Tukio moja kila milisekunde 10 linatosha kwa mpindo wa kawaida. Vibrato ya haraka inahitaji zaidi kidogo. Plagini ndani ya kompyuta hazina shida ya foleni hiyo.

Dalili: volyumu inajipandisha yenyewe, au haisikii

Tafuta mabwana wawili. Kuna CC 7 ndani ya klipu na pia otomesheni (mabadiliko yanayofanywa na programu yenyewe) ya volyumu kwenye traki, na kila moja inaamini ndiyo inayoamua. Chagua moja. Mimi huacha CC 7 itumwe mara moja tu mwanzoni kuweka uwiano wa ala, na kupanda na kushuka kwa pumzi ya wimbo nakupa CC 11. Ukifanya hivyo unaweza kupunguza fidla yote kwa namba moja bila kuharibu mchoro wa hisia.

Kama CC 11 haileti mabadiliko yoyote, ala hiyo huenda inatumia CC 1 kwa nguvu ya upigaji. Sampuli nyingi za okestra zinafanya hivyo. Na kama ekspresheni inaruka hadi juu kila unaposimamisha wimbo, programu yako inatuma CC 121 ikisimama. Ujumbe huo unarudisha ekspresheni kuwa 127, modulesheni kuwa 0, unaachia pedali na kuweka mpindo katikati, lakini hauigusi volyumu wala pani. Ndiyo maana baada ya kusimamisha baadhi ya mambo yanajirekebisha na mengine yanabaki.

Dalili: noti hazikatiki

Pedali, CC 64. Chini ya 64 imeachiwa, 64 na kuendelea imekanyagwa. Umekata klipu kabla ya tukio la kuachia. Weka CC 64 yenye thamani 0 mahali pedali ilipopaswa kuachiwa.

Kama umebonyeza kitufe cha dharura na noti bado zinalia, sababu ni kwamba CC 123, ya kuzima noti zote, inaheshimu pedali: ikiwa imekanyagwa, noti zinaendelea. CC 120 ndiyo inayokata sauti papo hapo.

Dalili: sauti inatetemeka ambapo hukuweka vibrato

Umerekodi juu ya kilichopo, na sasa kuna mipindo miwili kwenye ukanda mmoja, matukio yake yamesukana. Kwenye orodha utaona thamani zikiruka: 8192, 9400, 8192, 9650, 8192. Mchoro unaonekana kama msumeno. Kutenganisha kwa mkono ni mateso. Kama rekodi ya pili ndiyo unayoitaka, futa mipindo yote ya eneo hilo na urekodi tena kwa hali ya kubadilisha badala ya kuongeza. Kama mtetemo ni mdogo na uko hata mahali ambapo hukugusa kitu, gurudumu limechakaa na linatuma thamani ndogondogo kuzunguka katikati. Chuja mpindo unaporekodi sehemu zisizouhitaji.

Dalili: faili ni zuri kwako, bovu kwa mwenzako

Otomesheni ya plagini haiingii kwenye faili la MIDI. Ni kontrola na mpindo vilivyo ndani ya klipu ndivyo vinavyosafiri. Mistari laini inayojazwa na programu igeuze kuwa matukio halisi kabla ya kutoa. Angalia kila traki imebaki na chaneli yake, kwa kuwa programu nyingine hutoa zote kwenye chaneli ya 1, na ule mgawo wa Rast kwenye chaneli mbili unakufa hapo. Toa faili la aina ya 1, linaloacha kila traki peke yake, kwa kuwa aina ya 0 huunganisha traki zote kuwa moja. Weka zile kontrola sita za upana wa mpindo kwenye bari la kwanza la kila chaneli, na uandike upana huo ndani ya jina la faili lenyewe, kwa ajili ya mwenye plagini isiyozisikiliza.